Simu mpya ughaibuni: je, kubadili programu bado kuna maana?

Wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Louisville, Columbus na Buffalo nchini Marekani wanakabiliwa na swali ambalo zamani lilikuwa la mafundi peke yao: simu iliyokwisha kulipiwa ni mali ya nani, na mwenyewe ana uhuru gani juu ya programu zilizomo ndani yake?

Kwa miaka mingi, hadi Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi mwezi Januari 2025, familia iliyotua Buffalo ikitokea kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ilikuwa na mahitaji matatu ya haraka: nyumba, kazi na simu. Nyumba na kazi zilikuwa na mashirika ya kuzishughulikia. Suala la simu aliachiwa jamaa aliyetangulia kufika, naye alishauri kwa kadiri ya yale yaliyompata mwenyewe: nunua hii, usiikubali ile, na ukipewa ya bure ichukue, lakini usiweke mambo ya fedha ndani yake.

Ushauri huo wa mwisho haukuzuka hivi hivi, kama itakavyoonekana.

Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, una mojawapo ya jumuiya kubwa kabisa za Wasomali nchini Marekani, ikitanguliwa na ile ya Minneapolis. Wengi wao, hasa Wasomali Wabantu, walipitia kambi za Dadaab na Kakuma na kukipata Kiswahili wakiwa Kenya. Louisville, jimboni Kentucky, kuna Wakongo, Warundi, Wakenya na Wasomali wa kutosha kuifanya lugha ya Kiswahili iwe miongoni mwa lugha za nyumbani zenye wasemaji wengi katika shule za umma za mji huo. Buffalo, kwenye mpaka wa Kanada, iliwapokea Wakongo na Warundi ambao wengi walianzia maisha upande wa magharibi wa mji.

Kwa watu hawa simu si pambo. Mfanyakazi wa zamu ya usiku katika kituo kikuu cha mizigo cha UPS mjini Louisville, akitoka kazini saa kumi na mbili asubuhi wakati wa kiangazi, anajua kwamba Uvira ni saa sita mchana na kwamba mama yake anangoja kusikia sauti yake. Simu hiyo hiyo ndiyo inayompa ratiba ya zamu, ndiyo inayompelekea fedha mdogo wake aliye shuleni Bujumbura, na ndiyo inayopokea namba ya siri ya benki. Ikiharibika au ikiibiwa taarifa zake, kinachokatika ni zaidi ya mazungumzo.

Ndiyo maana swali la kuchagua simu, na la kama inafaa kuibadili programu zake baada ya kuinunua, lina uzito ambao wapenda vifaa vya kielektroniki huenda wasiuone. Kazi hiyo ya kubadili programu inafahamika vyema Afrika Mashariki. Mafundi wa Kariakoo mjini Dar es Salaam na wale wa Luthuli Avenue mjini Nairobi huiita kuflashi, na wapo wanaosema kwa mzaha kwamba simu imechakachuliwa, ingawa neno hilo linaipa kazi sifa mbaya isiyostahili. Katika kuchakachua mafuta mnunuzi hupunjwa. Katika kuflashi simu, kwa kawaida ni mwenye mali mwenyewe anayetafuta kuongezewa.

Hata hivyo, kuna kufuli mbili ambazo watu huzichanganya, na wauzaji nao wakati mwingine huziacha zichanganyike. Ya kwanza ni kufuli ya mtandao, inayoifanya simu ikubali laini za kampuni moja tu. Ya pili ni kufuli ya mfumo wenyewe, yaani ile inayoilinda programu ndogo ya kuwashia simu, iitwayo butiloda, ili simu isikubali mfumo mwingine wowote isipokuwa ule uliowekwa kiwandani. Kuifungua ya kwanza humpa mtu uhuru wa kuhama kampuni. Kuifungua ya pili humpa uhuru wa kuamua ni programu gani itakayoitawala simu yake.

Kufuli ya kwanza iliwahi kufika hadi Ikulu ya Marekani. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998 ilikataza kuvunja kinga za kielektroniki zinazohifadhi kazi za wenye haki, na programu ya simu ikahesabiwa kuwa mojawapo ya kazi hizo. Maktaba ya Bunge, ambayo ndiyo yenye madaraka ya kutoa misamaha kila baada ya miaka mitatu, iliruhusu mwaka 2006 kufungua simu ili itumike kwenye mtandao mwingine, na mwaka 2010 ikaruhusu pia kuvunja kinga ya mfumo ili kuendeshea programu halali. Lakini mwezi Oktoba 2012 iliuondoa msamaha wa kufungua mtandao kwa simu zitakazonunuliwa baada ya tarehe 26 Januari 2013. Watu zaidi ya 114,000 walitia saini ombi la kupinga, na tarehe 1 Agosti 2014 Rais Barack Obama alisaini sheria iliyourejesha uhuru huo. Tangu hapo kufungua simu iliyokwisha kulipiwa si kosa.

Kufuli ya pili ina historia yenye mvuto zaidi. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, iliyouzwa Marekani na kampuni ya T-Mobile kwa jina la G1, ilitoka Oktoba 2008. Haukupita muda mrefu wapenzi wa programu wakagundua njia ya kuitawala kikamilifu, na mwaka 2009 Steve Kondik akatoa mfumo alioujenga juu ya Android, akauita CyanogenMod. Simu ile, ambayo kwa njia rasmi iliishia kwenye Android 1.6, iliweza kwa msaada wa mfumo huo kuendesha matoleo ambayo mwenye kuiuza hakuyaleta kamwe. Mwezi Septemba 2009 Google ilimwandikia Kondik kumtaka aache kusambaza programu zake za umiliki pamoja na mfumo huo, naye akazitenga na kazi ikaendelea. Kampuni iliyoanzishwa baadaye kwa jina hilo ilifunga huduma zake mwishoni mwa mwaka 2016, na wale waliobaki wakaendeleza kazi chini ya jina la LineageOS.

Nyakati hizo faida ilikuwa wazi. Watengenezaji waliitupa simu baada ya mwaka mmoja au miwili, nayo ilikuwa bado ina uhai. Aliyejua kuflashi aliiongezea miaka, akaondoa programu zisizohitajika zilizoijaza na kuipa nafasi ya kupumua. Hata Nairobi, pale Safaricom ilipoanza kuuza simu ya Huawei Ideos mwaka 2011 kwa bei ya karibu shilingi 8,000 za Kenya, vijana waliokuwa na kompyuta na waya wa kuunganishia hawakukawia kuijaribu.

Lakini simulizi hiyo nzuri ina kasoro, na kasoro yenyewe ilijitokeza pale ambapo watu wa kipato kidogo walihusika.

Serikali ya Marekani ina mpango uitwao Lifeline, ulioanzishwa mwaka 1985, unaowapunguzia gharama za simu watu wenye kipato cha chini. Wakimbizi wengi wapya wamestahili kuingia humo. Mojawapo ya simu zilizotolewa chini ya mpango huo na kampuni ya Assurance Wireless ilikuwa UMX U686CL, kifaa cha Android kilichouzwa kwa dola 35. Mwezi Januari 2020 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Malwarebytes ilieleza kwamba simu hiyo ilikuwa inawafikia wateja ikiwa na programu hasidi mbili tangu kiwandani. Ya kwanza ilikuwa na kazi ya kuleta masasisho ya mfumo, ila iliweza pia kupakia programu nyingine bila ya ridhaa ya mwenye simu. Ya pili ilikuwa ni programu ya Mipangilio yenyewe, yaani ile ambayo kila mtu huifungua anapotaka kubadilisha lugha au kuongeza mwanga. Aliyeizima ya kwanza alijinyima masasisho. Aliyeiondoa ya pili alibaki na kifaa kisichofaa kwa lolote. Kampuni ya Sprint, iliyokuwa na uhusiano na huduma hiyo, ilijibu kwamba haikuamini kuwa programu zile zilikuwa hasidi.

Mambo ya namna hiyo hayakuwa ya Marekani peke yake. Mwezi Agosti mwaka huo huo, uchunguzi wa kampuni ya Upstream pamoja na BuzzFeed News ulieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu hasidi ziitwazo Triada na xHelper, zilizokuwa zikiwaandikisha watumiaji katika huduma za malipo bila wao kujua na kuwamalizia salio. Transsion, kampuni yenye kumiliki Tecno, ilimlaumu mshiriki mmoja katika mlolongo wa utengenezaji.

Kwa hiyo, kama kuna simu iliyohitaji kubadilishwa mfumo mzima, ilikuwa ni ile ya dola 35. Hapo ndipo ilipo kejeli ya jambo lote. Mafundi wa hiari, ambao ndio wanaojenga mifumo mbadala, hufanya kazi juu ya simu wanazozimiliki wenyewe, nazo aghalabu ni za Google, OnePlus, Motorola na nyinginezo zenye wapenzi wengi. Simu ya bure anayopewa mama mwenye watoto sita huko Buffalo haina mtu wa kuijengea mfumo. Uhuru ulikuwepo kisheria, lakini haukuwa na mlango wa kuingilia. Tangu mwanzo kuflashi kulimfaa zaidi yule aliyekuwa na uwezo wa kuchagua, na kulimsaidia kidogo mno yule aliyelazimika kupokea anachopewa.

Siku hizi hata huyo mwenye uwezo ana sababu ya kusita. Google imeweka utaratibu unaoziwezesha programu kuuliza kama simu iko katika hali iliyotoka nayo kiwandani, na mwaka 2025 utaratibu huo ulikazwa kwa kutegemea uthibitisho unaotoka ndani ya vifaa vya simu vyenyewe. Programu nyingi za benki na za malipo hutumia jibu hilo kuamua kama zitafunguka au zitakataa. Si zote, na wapo wajuao njia za kuzunguka, lakini njia hizo huzibwa mara kwa mara. Mtu anayecheza michezo ya simu anaweza kuvumilia usumbufu huo. Mtu wa Columbus aliyeahidi kutuma ada ya shule Nakuru kabla ya Jumatatu hawezi kukaa Jumapili usiku akitafuta kwa nini programu ya kutuma fedha imegoma.

Na ile sababu kuu ya zamani, yaani simu kutelekezwa mapema, nayo imepungua nguvu. Oktoba 2023 Google iliahidi miaka saba ya masasisho kwa simu yake ya Pixel 8, na Januari 2024 Samsung ikatoa ahadi kama hiyo kwa Galaxy S24. Hizo ni simu za bei kubwa, ni kweli. Muhimu zaidi kwa mnunuzi wa kawaida ni Galaxy A16 5G, iliyoingia Marekani Januari 2025 kwa dola 199.99 ikiwa na ahadi ya miaka sita ya masasisho ya usalama. Yale ambayo zamani yalihitaji fundi, kompyuta na ujasiri, sasa yamo katika karatasi ya maelezo ya bidhaa, kama mnunuzi atajua kuyatafuta humo.

Tatizo ni kwamba wengi hawayatafuti. Dukani kinachotazamwa ni kamera na ukubwa wa kioo. Idadi ya miaka ya masasisho haiandikwi kwa herufi kubwa, na simu mbili zilizokaa bega kwa bega kwa bei inayolingana zinaweza kutofautiana kwa miaka mitatu au zaidi ya uhai. Simu iliyotolewa miaka minne iliyopita, ikiuzwa mpya ndani ya boksi lake, hesabu yake ilianza siku ilipotoka wala si siku iliponunuliwa.

Ikiwa kufuli ya mfumo imepungua umuhimu, ile ya mtandao ingali inauma. Simu inayotolewa bure au kwa bei ya kutupa na kampuni ya mtandao kwa kawaida imefungwa, na kwa wateja wa malipo ya kabla, kundi ambalo wageni wengi wamo kwa kuwa hawajajenga rekodi ya mikopo, muda wa kungoja kufunguliwa unaweza kuanzia miezi kadhaa hadi mwaka mzima. Ambaye anasafiri kwenda Goma kumzika baba yake katikati ya muda huo atafika na simu isiyokubali laini ya huko. Zaidi ya hayo, simu iliyotumika inayouzwa kwa bei rahisi mitaani inaweza kuwa na deni la mwenyewe wa kwanza. Namba yake ya utambulisho ikishaingizwa katika orodha ya simu zilizozuiwa, kampuni nyingine za Marekani nazo huikataa, na hakuna fundi halali anayeweza kuisafisha. Kuibadili namba hiyo ni kosa Kenya, na ni namba hizo hizo za utambulisho zilizotumika kuzizima simu bandia nchini humo mwaka 2012 na Tanzania mwezi Juni 2016.

Upande wa pili ni wale wanaokuja na simu zao kutoka nyumbani. Zamani simu yoyote ya masafa ya 3G ingeweza angalau kupiga na kupokea. Lakini AT&T ilizima mtandao wake wa 3G mwezi Februari 2022, T-Mobile ikafuata Julai, na Verizon ikamaliza mwisho wa mwaka huo. Tangu hapo simu inapaswa kupiga kupitia 4G kwa namna inayokubaliwa na kampuni husika, na AT&T ina orodha yake ya simu inazozikubali. Simu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Afrika hazimo. Zitafaa kwa WhatsApp ndani ya nyumba yenye intaneti, basi.

Kuna pia jambo dogo ambalo limewashangaza wengi uwanjani Entebbe na Nairobi. Kuanzia iPhone 14, mwezi Septemba 2022, simu za iPhone zinazouzwa Marekani hazina nafasi ya kuweka kadi ya laini. Zinatumia laini ya kidijitali pekee. Google ilifuata mkondo huo kwa simu zake nyingi za Pixel 10 za soko la Marekani mwaka 2025. Anayeitunza laini yake ya Kenya au ya Kongo kwa ajili ya kupokea ujumbe wa huduma za fedha hana budi kuuliza kabla ya kulipa: kadi itakaa wapi?

Buffalo ina hali yake ya pekee. Katika mitaa iliyo karibu na Mto Niagara simu huweza kudaka mawimbi ya Kanada, na wenye ndugu Hamilton na Toronto huvuka daraja mara kwa mara, kiasi kwamba simu iliyofunguliwa huko si anasa. Aidha jimbo la New York lina sheria, iliyosainiwa Desemba 2022, inayowataka watengenezaji kuwapatia wateja na mafundi huru vipuri na maelekezo ya kutengenezea vifaa vilivyotengenezwa kuanzia Julai 2023. Kwa fundi Mkongo mwenye kibanda chake, hiyo huenda ikawa na manufaa makubwa kuliko mfumo mbadala wowote. Betri mpya imeokoa simu nyingi kuliko kuflashi.

Basi, je, kubadili programu hakuna tena maana? Kunayo, ila mahali pake pamehama. Simu ya zamani ya Pixel au Motorola ambayo muda wake umekwisha, ikiwekewa LineageOS, inaweza kuwa kifaa kizuri cha mtoto cha kusomea, cha kusikilizia redio au mahubiri, au cha bibi wa Louisville anayetaka kitufe kimoja tu cha kumpigia mwanawe. Humo hamwingii benki. Anayeitaka nafasi hiyo lazima aifikirie tangu siku ya kununua, kwa maana simu aina ile ile inaweza kufunguka ikinunuliwa kwa mtengenezaji na isifunguke kamwe ikinunuliwa kwa kampuni ya mtandao. Pixel zinazouzwa na Verizon ni mfano unaojulikana, na simu za Samsung za soko la Marekani kwa muda mrefu zimekuwa haziruhusu kabisa.

Nafasi yenyewe inazidi kubana. Mwaka 2025 Google ilihamishia uendelezaji wa Android ndani ya kuta zake, na Android 16 ilipotolewa mwezi Juni mwaka huo, mafaili yaliyokuwa yakiwarahisishia mafundi wa hiari kazi ya kuijengea Pixel mifumo hayakutolewa pamoja nayo. Mwezi Agosti kampuni hiyo ikatangaza kwamba watengenezaji wa programu watatakiwa kujitambulisha kwake hata pale programu zao zinapowekwa kwenye simu bila ya kupitia duka lake, kuanzia mwaka 2026 katika nchi nne, zikiwemo Brazil na Indonesia, kisha duniani kote. Google inasema nia ni kuwazuia matapeli, na mtu aliyewahi kuibiwa akiba yake kwa programu ya uongo hatalibeza neno hilo. Wapinzani wanajibu kwamba mlinzi huyo huyo ndiye mwenye duka.